Wanaosema Mtoa Dawa Hahusiki

Mazungumzo kuhusu dawa za kulevya yakifika katika kata kama Kamuli, wilayani Kyerwa, lawama huenda kwa polisi, kwa wazazi, kwa walimu na kwa vijana wenyewe. Duka la dawa halitajwi. Likitajwa, hatakosekana mtu wa kulitetea, na utetezi wake huwa wa hoja zilezile. Nimezisikia kwa wenye maduka, kwa watoa dawa, hata kwa watumishi wa afya waliopaswa kuwa wa kwanza kuzikataa. Naamini hoja hizo zinawaumiza watu, ndiyo maana nataka kuzijibu hapa. Baadhi zina ukweli ndani yake na nitaukubali, lakini sijaona hata moja inayomwondolea wajibu mtu aliyesimama nyuma ya kaunta.

"Hayo ni mambo ya Dar es Salaam na Zanzibar. Kamuli hakuna heroini."

Heroini ilianza kuingia nchini kwa wingi miaka ya 1980, na majeraha yake makubwa yako Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar. Kata ya wakulima wa migomba na kahawa, iliyo karibu na Uganda na Rwanda kuliko na Bahari ya Hindi, haina bandari wala boti za usiku. Hilo nalikubali. Ila anayejibu hivyo anamtafuta adui baharini, ilhali adui huyo amepangwa kwenye rafu.

Tramadoli ni dawa halali ya maumivu. Diazepamu ni dawa halali ya kutuliza wasiwasi na ya kuzuia degedege. Kodeini imo katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Zote tatu zina kazi njema hospitalini, na zote tatu humfanya mtu mtumwa zikitumika kiholela. Pwani ya Kenya, vidonge vya usingizi vinavyoitwa bugizi mtaani vimewaharibu vijana kwa miaka mingi, na hakuna kati ya vidonge hivyo kilichotengenezwa gizani. Vilitoka kiwandani, vikiwa na jina, namba na tarehe ya kwisha. Mwaka 2018, ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya iliitaja tramadoli kuwa janga katika sehemu za Afrika Magharibi, ya Kati na ya Kaskazini. Mwaka huohuo India, ambako kidonge hicho hutengenezwa kwa wingi, iliiweka tramadoli chini ya sheria ya dawa za kulevya.

Tazama jinsi mambo yanavyoanza. Msimu wa kahawa, kijana anabeba magunia ya kahawa ya maganda kutwa nzima. Mgongo unauma. Anapewa kidonge cha maumivu na mgongo unatulia, na zaidi ya hapo uchovu nao unaondoka na moyo unachangamka. Wiki ya pili anakimeza kabla ya kazi, hata mgongo usipouma. Baadaye mwili unazoea, kimoja hakitoshi, anameza viwili, halafu vinne. Kiasi kikubwa cha tramadoli chaweza kumwangusha mtu kwa degedege. Akichanganya na gongo au rubisi ni hatari zaidi, kwa sababu pombe na dawa hii kwa pamoja hupunguza nguvu ya pumzi, na mtu anaweza kulala asiamke. Diazepamu juu ya pombe hufanya hivyohivyo. Katika safari yote hiyo hakuna alipokutana na muuzaji wa unga. Alikutana na duka.

Wanaodhani udogo wa kijiji ni kinga, wasikie habari za Kermit. Ni mji mdogo wa makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, Marekani, wenye watu wapatao 400. Wanaume wake walizoea kazi ngumu na maumivu ya mgongo kama wabeba magunia wetu. Mwaka 2016 mwandishi Eric Eyre wa gazeti la Charleston Gazette-Mail alifichua kwamba duka moja la dawa la hapo lilipelekewa vidonge karibu milioni 9 vya hidrokodoni, dawa ya maumivu ya jamii ya kasumba, ndani ya miaka miwili. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 2017. Milioni 9 hazikupita kwa njia za panya. Ziliagizwa, zikasafirishwa kwa magari yenye nembo, zikahesabiwa na kuwekewa lebo na watu wenye leseni. Kila mmoja kwenye mnyororo huo angeweza kuuliza swali moja tu: watu 400 wanazimeza vipi hizi?

"Huku hatuna wafamasia, tuna wauza duka tu."

Mfamasia mwenye shahada ni adimu vijijini, na yule wa wilaya ana eneo kubwa mno la kusimamia. Anayemhudumia mtu wa Kamuli ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, mara nyingi muuguzi msaidizi aliyepata mafunzo mafupi. Lakini kabla hatujamdharau, tukumbuke duka hilo lilitoka wapi.

Zamani yalikuwapo maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa za kawaida tu zisizohitaji cheti cha daktari. Kwa vitendo yaliuza mengi yaliyokatazwa, na muuzaji aliweza kuwa mtu yeyote. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ukaanza mpango wa maduka ya dawa muhimu. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa na kupewa alama ya utambulisho, na kwa wale waliotimiza masharti orodha ya dawa ikaongezwa, zikiwamo baadhi ya dawa za kuua bakteria. Mpango ulitoka Ruvuma ukaenea Tanzania Bara yote, na nchi jirani, Uganda ikiwamo, zikaja kuiga. Sisemi kila duka limekuwa safi. Nasema duka la kijijini lilithibitika kuwa linaweza kubadilika pale mwenye duka alipopewa mafunzo, usimamizi na sababu ya kibiashara ya kufuata sheria, vyote kwa pamoja.

Orodha yenyewe ni kinga. Mofini na pethidini hazimo katika orodha ya duka la dawa muhimu, na mtoa dawa hahitaji shahada kujua kwamba kisichomo kwenye orodha hakikai dukani, si rafuni, si kwenye droo, si chini ya kaunta. Mafunzo mafupi yanatosha pia kumwezesha kugundua kwamba mteja yuleyule amerudi mara ya tatu kwa dawa ileile.

Na hapa Kamuli imeizidi Kariakoo. Mfamasia wa katikati ya Dar es Salaam anaona sura mpya kutwa. Mtoa dawa wa kijijini anajua mteja ni mtoto wa nani, analima wapi, mama yake anaugua nini, na jana jioni alikuwa wapi. Hakuna mashine ya kumbukumbu mjini inayofikia ujuzi huo.

"Nisipomuuzia mimi, atauziwa duka la pili, au atavuka mpaka wa Murongo."

Hii ndiyo hoja nzito, na ndiyo inayowashinda hata watu wema, kwa hiyo sitaipita haraka.

Mtu aliyekwisha kuzama atatembea. Atapanda bodaboda, atavuka daraja aende Kikagati upande wa Uganda, atamtuma mtoto. Lakini wengi wanaofika dukani si hao. Wengi ni yule mbeba magunia wa wiki ya pili. Huyo hatafuti kulewa, anatafuta nafuu, na akiambiwa "dawa hii siwezi kukupa bila cheti, ila nitakuonyesha cha kufanya," wengi watakubali. Kizuizi kidogo humgeuza anayeanza, hata kama hakimzuii aliyebobea. Ufaransa ilitegemea mantiki hiyo Julai 2017, baada ya vijana kufa kwa kunywa mchanganyiko wa dawa za kodeini: kodeini haikufutwa, ila ikawa haiuzwi tena bila cheti. Australia ikafanya hivyo Februari 2018. Nchi zote mbili zilijua kuwa mtu mwenye ari kubwa ataipata njia nyingine. Zilimfikiria yule ambaye angeishia hapo kaunta.

Kisha, huyo "mwingine" ni nani? Kwenye senta ya kijijini maduka ya dawa yanahesabika kwa vidole. Wenyewe wanafahamiana, wanaazimana dawa zikiisha, wanachangiana msiba. Watu wanaoweza kukubaliana bei ya pakiti ya paracetamol wanaweza kukubaliana kwamba hakuna atakayeuza tramadoli bila cheti. Makubaliano hayo hayahitaji semina ya mjini wala posho. Yanahitaji jioni moja, na yanafaa yafanyike mbele ya mtendaji wa kata na mganga wa zahanati ili kila mmoja aone aibu kuyavunja.

Lakini kuna jambo ambalo hoja hii hulificha. Anayesema "nisipouza mimi" mara nyingi siye mwenye duka. Ni mwajiriwa, aghalabu dada mwenye mshahara mdogo, na kila jioni bosi anahesabu mauzo ya siku. Akimrudisha mteja aliyekuja na noti mkononi, ataulizwa yeye. Tunamtaka awe shujaa kwa mshahara ulio mkononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo lawama ya kwanza naipeleka kwa mwenye duka. Anayeagiza ndiye anayeamua. Asipoagiza dawa isiyo ya leseni yake, mtoa dawa hatajaribiwa, na mteja ataambiwa ukweli mwepisi: haipo. Na mwenye duka akishamwambia mtoa dawa wake mbele ya watu kwamba hatamkata hata shilingi kwa mteja aliyekataliwa kwa sababu ya haki, amejenga kinga kubwa kuliko bango lolote la kampeni.

Nyuma ya mwenye duka kuna duka la jumla, liwe la Kayanga, Bukoba au Mwanza. Kermit inatufundisha hapa pia. Wasambazaji ndio waliopeleka mzigo bila kujiuliza. Duka la jumla lina vibali vya wateja wake. Linajua ni nani anayeruhusiwa kununua nini. Likimuuzia mwenye duka la dawa muhimu makatoni ya dawa za famasia kubwa, haliwezi kusema halikujua zinakwenda wapi.

Mpaka nao unatajwa sana, kana kwamba Mto Kagera ukiwepo sheria haina maana. Mpaka ni sababu ya kuongeza macho. Mtoa dawa akiona wateja wanakuja na maboksi ya dawa asizozijua, yenye maandishi ya usajili wa nchi jirani, ana taarifa ambayo mkaguzi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba angeihangaikia wiki nzima. Aipeleke kwa mfamasia wa wilaya. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nayo inapokea simu bure kwa namba 119.

"Kumhoji mteja ni kumvunjia heshima."

Inategemea unauliza vipi. Maswali ya polisi humfukuza mtu. Maswali ya mhudumu humfanya aone anajaliwa. Tuseme kijana ameingia.

"Dada shikamoo. Nipe zile za mgongo, kama za juzi."

"Marahaba, kaka. Pole na kazi. Za juzi zilikuwa kumi, zimekwisha zote?"

"Zimekwisha."

"Basi mgongo huo haujapona, na mimi nisikudanganye kwamba vidonge vitauponya. Ukikosa kuvimeza siku moja unajisikiaje?"

Swali la mwisho ndilo lenye thamani. Akijibu kwamba akikosa anatetemeka, anatoka jasho, hapati usingizi, tumbo linachafuka, mtoa dawa ameshajua kwamba shida imetoka mgongoni imeingia mahali pengine. Akijibu kwamba maumivu yanarudi tu, huenda ni mgongo kweli, na kuna paracetamol, kuna kupumzika, kuna kugawana mzigo, kuna zahanati. Heshima iko wapi zaidi: kumuuliza, au kuchukua pesa yake kimya ukijua anaangamia?

Kuna mteja mwingine ambaye hatumhesabu kabisa tunapozungumzia matumizi mabaya ya dawa: mtoto mchanga. Mama amechoka, mtoto analia usiku kucha, jirani anamshauri anunue Piriton ya maji au dawa ya kikohozi "alale kidogo". Nia ya mama si mbaya. Lakini dawa ya mzio haikutengenezwa kumlaza mtoto asiye na mzio, na dawa yenye kodeini ni hatari kwake waziwazi: ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na watoto wengine huigeuza upesi kiasi cha kuzimika pumzi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12. Mtoa dawa akiuliza tu, "Mama, analia tangu lini? Ana joto? Anashika sikio?", huenda akagundua malaria au sikio lenye usaha, na akamtuma zahanati asubuhi hiyohiyo. Hilo nalo ni kuzuia matumizi mabaya ya dawa, na katika kata yenye watoto wengi huenda ndilo tendo la mara kwa mara kuliko yote.

"Hii ni kazi ya walimu na viongozi wa dini."

Ni kazi yao pia. Mwalimu atasema shuleni, na padri, mchungaji au sheikh atasema siku ya ibada. Hakuna kati yao aliyepo mkono wa mtu unapogusa kidonge. Tuendelee.

"Serikali ipige marufuku dawa hizi zote, yaishe."

Hoja hii inasikika kama ya ukali wa kupongezwa, na ndiyo ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu atakayeilipia ni mgonjwa wa saratani aliyelala nyumbani, asiyeweza kufika hata kwenye mkutano wa kijiji kujitetea.

Dunia yetu tayari ina ukosefu wa haki mkubwa katika dawa za maumivu. Sehemu kubwa kabisa ya mofini hutumika katika nchi chache tajiri, na mamilioni ya watu katika nchi kama zetu hufa na maumivu yanayoweza kutulizwa. Jirani zetu wa Uganda walionyesha njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Wakaanza kuchanganya unga wa mofini na maji, wakapata dawa ya kunywa ya bei ndogo, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu madaktari hawakutosha vijijini. Mofini yenyewe, mama wa dawa zote za aina hii, ikafika majumbani chini ya uangalizi. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikiandaa mofini ya kunywa kwa wagonjwa wake.

Kilichowezesha hayo ni mtu wa dawa: anayepima unga, anayeandika kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka, anayemweleza ndugu wa mgonjwa chupa ikae wapi watoto wasiifikie, na anayetaka chupa irudishwe mgonjwa akifariki. Ukipiga marufuku, unamwondoa mtu huyo, na maumivu yanabaki. Mwenye maumivu atatafuta, na atakayemkuta huko hana daftari.

Ndiyo maana napenda sana daftari. Dawa zinazodhibitiwa zinapaswa kuandikwa: jina, kiasi, tarehe, nani aliandika cheti. Wengi huliona kama mzigo wa kumridhisha mkaguzi. Ukilisoma ukurasa baada ya ukurasa, linakuambia nani anarudi kabla ya siku zake na cheti cha mganga yupi kinaonekana mara nyingi mno. Mfamasia wa wilaya akilisoma pamoja na mtoa dawa, badala ya kupiga mhuri na kuondoka, hapo ukaguzi umefanya kazi yake.

"Akishazama si mteja tena, ni wa polisi."

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza nchini, kwa ajili ya watu waliotekwa na heroini. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Kwa kawaida mgonjwa anafika kila siku kwenye dirisha la dawa, anapewa kiasi chake, anakinywa mbele ya mhudumu. Daktari atamwona kwa miadi, lakini wa dirishani anamwona kila asubuhi. Ndiye anayegundua kwamba leo macho yamelegea, ananuka pombe, na dozi ingoje hadi daktari amtazame. Ndiye anayejua kwamba fulani hajaonekana siku kadhaa, na kwamba akirudi hapewi kiasi kilekile cha zamani, kwa kuwa mwili umepoteza mazoea na kiasi hicho chaweza kumuua. Maelfu ya Watanzania wamepitia huduma hizo, wengi wakarudi kwenye kazi na familia zao.

Kamuli haihitaji kliniki ya methadoni ili kujifunza kutoka kwenye dirisha hilo. Mchukulie mama aliyemeza diazepamu kila usiku kwa miezi mingi tangu afiwe, anazinunua popote anapozipata. Siku moja mtoa dawa mpya, mwenye ari, anamwambia hazipo na hatampa tena. Ari hiyo ni njema lakini haitoshi, maana mtu aliyezoea diazepamu kwa muda mrefu akiikatiza ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa. Kidonge hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, chini ya daktari. Kwa hiyo mtoa dawa anayejua kazi yake hamfungii mlango. Anamketisha, anamwambia asiache ghafla na asinywe pombe juu yake, anamwandikia karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya Isingiro au Nyakahanga, na kwa ruhusa ya mama huyo anampigia mganga kumweleza. Daktari akishaandika mpango, vidonge vinatolewa vya wiki moja moja, si vya mwezi, na kila Jumatatu mama anarudi dirishani, wanahesabu vilivyobaki pamoja.